Penseli ya Handakini

Kazi yangu klabuni ni kukaa handakini. Wenzangu hulala kifudifudi juu ya maturubai, mita mia tisa kutoka nilipo, wanapiga. Mimi nateremsha shabaha, natafuta tundu, nachomeka kisahani chekundu kwenye tundu hilo ili walione kwa darubini, nabandika kiraka kwenye tundu lililotangulia, kisha napandisha. Miaka kumi na minne sasa. Watu wakisikia kwamba risasi zinapita juu ya kichwa changu huniuliza kama siogopi. Ukuta wa handaki ni zege na udongo, unene wake mita tatu. Kinachotisha kule ndani ni mazungumzo ya Karani wa klabu tu.

Siku za juma mimi ni mwalimu wa hesabu. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba nilichokifanya sikukifanya kwa ujinga. Wastani naujua. Naufundisha.

Aliyenitia handakini ni kaka yangu. Yeye ni fundi saa, na kwa muda mrefu ndiye aliyekuwa mpigaji bora wa klabu. Sisi hatufungi darubini juu ya bunduki. Unalenga kwa jicho lako, kupitia kitundu cha nyuma na pete ya mbele, na shabaha kule mbali haizidi kifungo cha shati. Kwa hiyo kaka alikuwa akijisikia. Husema mkono wowote unaweza kutulia ukinyimwa kahawa, lakini jicho ni la kupewa.

Kila baada ya miaka michache klabu huchagua aina moja ya risasi itakayotumiwa na timu nzima kwenye mashindano makubwa, kwa sababu huagizwa kwa pamoja. Na tuna desturi yetu ya kuchagua: mpigaji mmoja, bunduki moja, siku moja, risasi kumi za kila aina. Mkono ukiwa ule ule, tofauti ni ya risasi. Ndivyo mwanzilishi wa klabu alivyoandika daftarini, na wanachama huitamka sentensi hiyo kwa heshima ambayo hawajawahi kuipa zamu ya kufagia banda. Mkono wenyewe, miaka yote, ni wa kaka.

Mwaka huu zilikuja aina tatu. Ya kwanza fupi, nene, kitako chake bapa kama cha chupa, tukaiita Bapa. Haina makuu. Inakwenda unakoielekeza mpaka mita mia sita, halafu inachoka na upepo unaifanya utakavyo. Ya pili imepunguzwa kwa nyuma, hewa inaiachia vizuri; tukaiita Mkia. Ya tatu ilikuwa ndefu, nyembamba, ncha yake imechongwa mpaka unaogopa kuishika, na jina lake lilikuja lenyewe: Sindano. Kwenye karatasi iliyofuatana nayo, upepo uliisukuma Sindano nusu tu ya unavyoisukuma Bapa. Karatasi hiyo iliandikwa na wale wanaoiuza.

Kamati ilikaa vikao vitatu kuzijadili, kwa uzito ambao mimi nimewahi kuuona kwenye posa tu.

"Ncha kama hii inataka kukaa karibu na mifereji ya mtutu," alisema Mwenyekiti. Kazi yake ni daktari wa meno, na huongea na kila mtu kama anayemwomba afungue kinywa. "Ikikaa mbali, inaingia kombo."

"Na mitutu yetu ya zamani," alisema Karani. "Inasokota polepole. Kitu kirefu hivi kitazunguka cha kutosha?"

"Karatasi inasema kitazunguka."

"Karatasi ya nani?"

"Yao."

Wakakubaliana kwamba bunduki yenyewe ndiyo iseme.

Swali la Karani lilikuwa la maana, ingawa inaniuma kukiri. Mifereji iliyomo ndani ya mtutu ndiyo inayoisokota risasi isiyumbe, na risasi ikizidi urefu inataka kusokotwa zaidi. Isipotoshelezwa huyumba njiani, ikaingia kwenye karatasi imeinama, na tundu lake haliwi duara, linakuwa yai. Hili nalijua kuliko kamati nzima. Wao huziona risasi zikiondoka, mimi huziona zimefika.

Sasa penseli. Ilianza miezi saba kabla ya majaribio, siku ya mazoezi ya kawaida. Kaka alipiga risasi moja ikaenda pembeni kabisa. Nikasema ni upepo. Wiki iliyofuata zikaenda mbili, na kwenye redio ya mkononi tunayowasiliana nayo hakusema kitu, na kaka yangu ni mtu wa kusema. Nilikuwa peke yangu. Nikalitazama lile tundu, nikaitazama penseli ninayoandikia alama. Penseli ukiipenyeza kwenye karatasi na kuizungusha kidogo, tundu lake na la risasi zetu ni mtu na ndugu yake. Nikabandika kiraka kwenye tundu la kweli, nikatoboa jingine karibu na katikati, nikachomeka kisahani, nikapandisha.

Redio ikakohoa. "Nilijua tu imetoka vizuri," kaka akasema.

Sauti yake ilikuwa na furaha, nami nikafurahi, na hapo ndipo nilipojipalia makaa. Tangu siku hiyo nikawa namsogezea moja hapa, moja pale. Nilijiambia hakuna anayeumia. Mazoezi hayaingii kwenye rekodi yoyote.

Siku ya majaribio niliapa sitaigusa. Tena Karani alishuka handakini kushuhudia, kama daftari linavyotaka. Bapa zikapigwa kumi, na siku ya majaribio matundu hayazibwi, huachwa yapimwe: yametawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Mkia zikapigwa kumi: vivyo hivyo, labda nafuu ya kiganja kimoja. Tulipopumzika kabla ya Sindano, Karani alisema joto limezidi, akasema ana kiu, akaenda bandani kunywa maji. Hakurudi. Baadaye nilisikia alikuta chai.

Sindano ya kwanza ikaingia vizuri. Ya pili nusura iukose ubao wote. Ningependa kusema nilipigana na nafsi yangu, lakini mkono ulikuwa umeshazoea. Kati ya kumi nilitoboa nne. Nilizipanga kwa busara, si katikati kabisa, maana mwalimu wa hesabu anajua kwamba hata uongo unatakiwa utawanyike kidogo. Matundu ya kweli yalikuwa na umbo la yai, ingawa yale sita mazuri yalikuwa yameinama kidogo tu, asiyezoea angeyaita duara. Niliyaona, na yale manne nikayaziba kwa viraka vya rangi ya karatasi.

Basi Sindano ikashinda. Ilishinda kwa sababu Karani aliona kiu.

Mwenyekiti alizipima karatasi tatu kwa rula mbele ya wanachama, akavua miwani, akasema namba hazidanganyi. Mikono yote ikainuliwa, wangu ukiwemo. Agizo la timu lingetumwa Ijumaa ya wiki ile. Kaka alipongezwa na watu ambao hawakuwa wamefanya kitu, akawaeleza habari za ncha ndefu na hewa kana kwamba aliichonga mwenyewe.

Tulipokuwa tunatoka akanishika bega pembeni ya banda.

"Sasa naweza kukwambia," akasema. "Nilikuwa sitaki kukutia wasiwasi. Daktari wa macho aliniambia nina presha ya jicho, hili la kulia. Alitaka wanipasue haraka. Anasema kinachopotea hakirudi."

"Alikwambia lini?"

"Miezi mitatu imepita. Nikamwambia nina majaribio. Nikajiwekea nadhiri, mdogo wangu. Nikasema, nikizitawanya aina zote tatu, basi ni jicho, nitakwenda. Ikipatikana hata moja inayokaa pamoja, jicho halina neno, ilikuwa risasi tu." Akacheka. "Miadi ilikuwa keshokutwa. Nimewapigia sasa hivi, nimewaambia wampe mwenye shida."

Nilitaka kumwambia pale pale, nikashindwa. Nilikuwa nampenda na nilikuwa najiogopea, na sijui kipi kilikuwa kizito zaidi. Nikamwambia hongera.

Kesho yake wifi yangu, mke wa kaka, alikuja nyumbani kabla sijavua viatu vya kazini. Ni muuguzi, mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kama vidonge.

"Wifi, kaka yako amemimina chai nje ya kikombe mara mbili leo," akasema. "Namuuliza, ananiambia kikombe kimesogea."

"Umemwambia arudi kwa daktari?"

"Nikimwambia ananionyesha karatasi ya shabaha. Ameitundika sebuleni. Pale palipokuwa na picha yetu ya harusi." Akakaa. "Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimechoka kumfichia. Zungumza naye. Wewe anakusikiliza kwa sababu unajua hesabu."

Nikamwambia nitazungumza naye. Sikumwambia nitazungumza nini.

Duka la kaka ni upana wa mlango wake na kidogo zaidi. Kuna meza ya kazi, taa yenye shingo, na ukutani saa thelathini ambazo kila moja ina maoni yake. Nilimkuta amechomeka kioo cha ufundi kwenye jicho. Nilisimama kidogo kabla sijagundua kilichonisumbua: kioo kilikuwa kwenye jicho la kushoto. Tangu nimjue kama fundi hukaa la kulia.

"Kaka," nikasema, "zile Sindano nne nilizitoboa mimi."

"Ulizitoboa na nini?"

"Na penseli."

Akaweka kibanio chini. "Zipi?"

"Ya pili, ya nne, ya tano na ya tisa."

"Ya tisa niliisikia. Ilitoka vizuri."

"Ilipita kushoto, nje ya duara la mwisho."

Akakitoa kioo, akakifuta kwa kitambaa, ingawa kilikuwa safi. "Na kwenye mazoezi?"

"Na kwenye mazoezi. Miezi saba."

Mteja akaingia, anataka betri ya saa ya mkononi. Kaka akamwekea, akaifunga, akaipeleka sikioni, akamtakia kazi njema. Mteja akaondoka. Ilichukua dakika nne, nami sijapata kusimama muda mrefu kuliko huo maishani.

"Kwa hiyo zile Bapa na Mkia," akasema, "zile ndizo mimi."

"Ndizo wewe."

"Uliniona napofuka ukanyamaza."

"Sikujua ni jicho. Nilidhani ni uzee."

"Uzee," akasema, na nikaona hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Nikaanza kulia. Nililia vibaya, bila heshima, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyesahau daftari. Kaka akazisogeza saa alizokuwa amezifungua.

"Usililie juu ya saa za watu," akasema. Kisha: "Yale matundu ya kweli yalikuwaje? Ya Sindano?"

Hapo ningeweza kunyamaza. "Yalikuwa yai," nikasema.

Akanyanyuka kitini. "Yai. Basi ilikuwa inayumba. Mtutu hauisokoti vya kutosha. Hilo si jicho langu, hilo ni risasi."

"Na Mkia, kaka? Matundu ya Mkia yalikuwa duara safi."

"Siku ile kulikuwa na joto. Hata Karani alisema." Akachukua simu. "Tunarudia. Kesho. Nikiwa nimepumzika."

Mwenyekiti nilimweleza mwenyewe, mbele ya kamati nzima, pale pale uwanjani kabla hatujaanza. Sikutia chumvi na sikupunguza. Karani akasema, "Na ni mwalimu wa hesabu," si kwa ukali, alikuwa anaweka tu kumbukumbu. Mwenyekiti akasema nikimaliza siku hiyo nikabidhi funguo za handaki, na agizo halitatumwa mpaka tujue tunaagiza nini. Nikakubali. Niliona wamenihurumia.

Karani akashuka nami. Safari hii alikuja na chupa yake ya maji, ya lita mbili.

Kaka akaanza na Sindano tano. Nilipoteremsha ubao mara ya kwanza, Karani aliinama akatazama, kisha akatazama tena akiwa ameinamisha kichwa upande. "Hili limelala," akasema. Yote matano yalikuwa hivyo, yamelala, na yalikuwa mbali mbali. Nikachomeka visahani palipokuwa na matundu. Redioni Mwenyekiti akasema basi, Sindano tumeachana nayo.

"Nilisema," kaka akaingilia. Sauti ilikuwa changamfu, ile ya zamani. "Si nilisema? Nipeni Mkia. Kumi."

Mkia ya kwanza ilikuwa duara safi, kana kwamba imekatwa kwa kikata karatasi, na ilikuwa kulia kabisa. Nikaiwekea kisahani palepale ilipo. Ya pili chini. Ya tatu nzuri, karibu na kitovu, na nilisikia redio ikipumua. Ya nne haikugusa karatasi. Kwa risasi iliyokosa, mtu wa handakini hupunga bendera mbele ya ubao, kushoto na kulia, mara mbili, waone. Miaka kumi na minne sikuwahi kumpungia kaka yangu bendera. Nikampungia. Nilikuwa nimeinua mikono juu ya kichwa huku nalia, na Karani, ambaye ana neno kwa kila jambo, alikuwa anasoma maandishi ya chupa ya maji.

Ya tano, ya sita. Matundu duara, yote, mazuri kabisa, kila moja kwake. Ya saba nikapunga. Hapakuwa na upepo. Kitambaa cha juu ya mlingoti kilikuwa kimelala kwenye mti wake. Hapakuwa na joto pia, maana wingu zito lilikuwa limefunika jua tangu ya tano. Risasi ilikuwa njema, mtutu mzima, hewa imetulia. Vilivyobaki vya kulaumu vilikuwa vinaisha kimoja kimoja, na kila nilichokiondoa ilibidi nikichomekee kisahani.

Ya nane pembeni. Ya tisa nikapunga.

Nikapandisha shabaha kwa ajili ya ya kumi, tukangoja. Kaka si mpigaji wa haraka, hupenda kuvuta pumzi mbili tatu. Tukangoja zaidi. Karani akatazama saa yake, ambayo nadhani iliwahi kutengenezwa na kaka.

Nikabonyeza redio. "Kaka, tuko tayari."

"Sawa," akasema. "Nangoja uipandishe."

Nikainua macho. Shabaha ilikuwa imesimama juu yetu, nyeupe, pana kama mlango wa gereji, weusi wa katikati ukiwa mahali pake.

"Iko juu, kaka."

Redio ikakwaruza. Nilisikia Mwenyekiti akimwambia kitu kwa sauti ya chini, na kaka akimjibu nisisikie. Kisha akarudi kwangu.

"Iko juu tangu lini?"

"Muda mrefu, kaka."

Karani aliweka chupa chini taratibu. Redio ikawa wazi tu, inavuma. Halafu nikasikia komeo la bunduki likivutwa nyuma na risasi ya kumi ikidondoka kwenye turubai bila kupigwa.

"Mdogo wangu," akasema. "Njoo unishike mkono."